Mjumbe, Viti, Baraza au Kura: Namna Nne za Kuwapa Waliong'olewa Kwao Sauti katika Ufalme Wako wa Kubuni

Riwaya nyingi za njozi huwa na kabila lililong'olewa kwao. Joka limechoma mji, bahari imemeza kisiwa, au mfalme jirani amewafukuza. Wanaingia katika ufalme wa watu, wanapewa bonde lenye mawe, na ikulu wanawekewa mzee mmoja mwenye busara ambaye husimama katika sura ya tisa, huonya, na hasikilizwi. Siasa yao inaishia hapo. Msomaji anabaki akijiuliza: huyo mzee alichaguliwa na nani? Akikosea, nani atamtoa? Na kwa nini ni mmoja tu?

Makala haya ni kwa mwandishi, au mtunga michezo, aliyekwama kwenye maswali hayo. Nimeweka njia nne kando kwa kando, na zote nimezichota katika tawala zilizowahi kuwepo, maana historia ina vituko ambavyo ukivitunga mwenyewe mhariri atakwambia umezidisha chumvi. Kwa mfano nitatumia jamii moja ya kubuni, tuwaite Wakisiwa: kisiwa chao kilizama vizazi viwili vilivyopita, sasa wanaishi katika ufalme wa bara, ni mmoja katika kila watu ishirini, na ufundi wao ni kuunda majahazi mahali ambapo hakuna bahari.

Vigezo kabla ya njia

Kipo kizingiti kinachotangulia vyote: je, Wakisiwa ni raia? Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walikaa Kenya miongo mingi bila vitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia. Mtu asiye na kitambulisho hana haja ya kujadiliwa idadi ya viti. Kama Wakisiwa wako bado wako hapo, riwaya yako ni ya kudai uraia, na njia hizi nne ni za kitabu cha pili.

Wakishavuka, kila njia nitaipima hivi. Kwanza, mwakilishi anamwogopa nani, yaani nani ana uwezo wa kumweka na kumwondoa. Kwangu hiki ndicho kigezo mama. Idadi ya viti huja baadaye sana. Pili, mkononi ana nini: ulimi tu, kura, kura ya turufu, au hazina. Tatu, makazi: njia inayofaa watu wa bonde moja huwaangusha watu waliotawanyika vijiji mia. Nne, ikivunjika huvunjika vipi, kwa sababu riwaya inakula hapo.

Cha tano waandishi wengi hukisahau: kiti kinawakilisha watu walio hai au ardhi iliyopotea? Georgia ya Kaukazi ilipopoteza Abkhazia katika vita vya miaka ya 1990, wabunge waliochaguliwa kutoka huko mwaka 1992 waliendelea kukaa bungeni bila uchaguzi mpya hadi 2004. Waliowachagua walikuwa wametawanyika nchini kama wakimbizi wa ndani, na watoto waliozaliwa ukimbizini wakafika umri wa kwenda shule huku mbunge wa nyumbani kwao akiwa yule yule. Kwa upande wa India, bunge la Jammu na Kashmir limeachiwa viti 24 vitupu kwa ajili ya sehemu iliyo mikononi mwa Pakistan. Hebu fikiria ukumbi wa baraza la mfalme wako wenye viti vitupu vinavyofutwa vumbi kila asubuhi kwa ajili ya wajumbe wa kisiwa kilicho chini ya maji, wakati fundi wa Kikisiwa anayelipa kodi kule bondeni hana wa kumsemea. Amua swali hili mapema.

Njia ya kwanza: mjumbe wa kuteuliwa na mfalme

Anayemwogopa ni mfalme, basi. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini akitaka kupeleka jambo baya analazimika kulifunga kwa hariri. Mkononi ana ulimi na ukaribu, na ukaribu usiudharau: katika ufalme halisi, mtu anayekula meza moja na mfalme anaweza kuliko wabunge kumi. Jordan ni mfano mzuri. Wacherkesi walifukuzwa Kaukazi na Urusi katika vita vilivyokwisha 1864, wakatawanyika katika milki ya Waosmani, na mwaka 1878 kundi lao likapewa makao katika magofu ya Amman, wakati ule mahali pasipo na mji. Utawala wa Wahashimi ulipoanzishwa mwaka 1921, waliusogelea mapema. Hadi leo walinzi wa sherehe katika kasri ya mfalme ni Wacherkesi waliovaa mavazi ya Kaukazi, na mwaka 1950 Mcherkesi Said al-Mufti akawa waziri mkuu. Jamii ya wageni, ndogo, isiyo na ukoo mkubwa wa kumpindua mtu, ni jamii ambayo mfalme anaiamini. Na kwa sababu hiyo hiyo wenyeji wanaweza kuitazama kwa jicho la pembeni.

Upo upande wake mchungu. Mteuliwa si lazima awe mwenzao. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya ya kikoloni, kuanzia 1924 aliyeteuliwa kusemea maslahi ya Waafrika alikuwa mmisionari Mskoti, Dkt. John Arthur. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944. Miaka ishirini ya kusemewa! Mwandishi anayetaka kumkasirisha msomaji bila kumwaga damu, awawekee Wakisiwa msemaji wa bara anayewapenda kwa dhati na asiyejua lugha yao.

Makazi hayana uzito hapa. Mteuliwa mmoja hujitangaza kuwa sauti ya wote, wawe pamoja au wametawanyika. Huvunjika siku mfalme anapokufa. Mrithi hana deni na yule mzee, na kabila zima linagundua kuwa haki yao ilikuwa urafiki wa watu wawili.

Inafaa riwaya ya ikulu, yenye wahusika wachache, fitina na milango iliyofungwa. Inafaa pia ufalme usio na uchaguzi wa aina yoyote.

Njia ya pili: viti vya kutengwa katika baraza

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo waandishi wanapokurupuka. Wanasema "Wakisiwa wana viti vitatu" kisha wanaendelea na safari. Viti vitatu kati ya vingapi? Wanapigiwa kura na nani? Wanapiga kura juu ya mambo yote au ya kwao tu?

Anza na swali la nani anapiga kura, kwa maana linageuza kila kitu. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Viti vilitengwa kwa rangi, lakini wapigaji walikuwa wa pamoja. Wakoloni walitegemea kwamba mpango huo ungeipunguza nguvu TANU. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikabishana sana, ikaamua kuingia. Ndio uitwao Uamuzi wa Busara. Matokeo yake, Wazungu na Waasia walioshinda walikuwa wale waliokubaliwa na TANU. Chukua hesabu hiyo uipeleke kwa Wakisiwa wako: kama kiti chao kinapigiwa kura na ufalme mzima, Mkisiwa atakayeshinda ni yule anayependwa na watu wa bara. Anawaogopa majirani, hawaogopi wenzake. Kama kinapigiwa na Wakisiwa peke yao, atasema ukweli wao, lakini wagombea wa bara hawatakuwa na sababu yoyote ya kukanyaga bondeni kuomba kura. Kila mpangilio una wasaliti wake.

Halafu idadi. New Zealand ilitunga sheria ya viti vya Wamaori, wenyeji wake wa asili, mwaka 1867. Viti vilikuwa 4, na vilikusudiwa viwe vya muda, miaka mitano tu. Viliongezewa muda, kisha mwaka 1876 vikafanywa vya kudumu, na vikabaki 4 hadi mageuzi ya uchaguzi ya miaka ya 1990, ingawa kwa idadi ya Wamaori wa mwanzoni wangestahili mara kadhaa zaidi. Sasa ni 7. Yaani kitu kilichotolewa kama hisani ya muda kikageuka dari: hawashuki chini ya nne, hawapandi juu ya nne. Katika riwaya, tarehe ya kumalizika kwa viti inaweza kuwa saa inayogonga nyuma ya kila sura. Tangu 1975 Mmaori mwenyewe huchagua ajiandikishe daftari la jumla au la Wamaori. Hilo nalo ni tukio zuri la kifamilia, ndugu wawili chini ya paa moja wakijiandikisha madaftari tofauti.

Uwezo nao hutofautiana mno. Huko Kupro, Waarmenia, ambao wengi wao ni kizazi cha walionusurika mauaji ya 1915, wana mwakilishi wao bungeni pamoja na Wamaroni na Walatini. Anahudhuria, anasema juu ya mambo ya jamii yake, hapigi kura. Slovenia iko ncha ya pili: Waitalia na Wahungaria, jamii ndogo sana, wana kiti kimoja kimoja kati ya 90, mpiga kura wao hupiga kura mbili (moja ya jumla, moja ya jamii yake), na sheria inayogusa haki zao peke yao haipiti bila ridhaa ya wabunge wao. Kiti kimoja chenye turufu kina uzito kuliko vinne vinavyohesabiwa na kushindwa kila mara. Ukichagua njia hii, andika kwanza kile mjumbe anachoweza kuzuia, ndipo uhesabu viti.

Makazi: viti vya kutengwa ndiyo kimbilio la waliotawanyika, kwa sababu havitegemei jimbo. Kuvunjika kwake ni kwa taratibu, kwa kuchakaa: wajumbe wanazoea kasri, watoto wao wanaoa bara, na siku moja kijana wa bondeni anamuuliza mjumbe wake maana ya wimbo wa mazishi, mjumbe hajui.

Inafaa riwaya ndefu, ya vizazi, yenye baraza linalofanya kazi kweli. Haifai kama huna subira ya kuonyesha kura zikipigwa na kuhesabiwa.

Njia ya tatu: baraza lao wenyewe

Wakisiwa hawaketi katika serikali ya mfalme. Wanajitawala ndani yake. Ndoa, mirathi, shule, ugomvi wa mipaka ya viwanja, hata kukusanya kodi, ni kazi ya wakubwa wao, na mkuu wao mmoja ndiye mlango wa kuzungumza na kiti cha enzi.

Mayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 na kupokewa na Sultani Bayezid II walikaa Istanbul na Thessaloniki chini ya mpango wa namna hii, kama walivyokaa Wagiriki na Waarmenia chini ya mapatriaki wao. Lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mombasa ilikuwa na Thenashara Taifa: Tisa Taifa upande mmoja, Thalatha Taifa upande wa pili, kila upande na tamimu wake, yaani mkuu wake. Soma majina ya baadhi ya taifa hizo: Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka. Ni majina ya miji waliyotoka. Watu waliohama kutoka miji mingine ya mwambao hawakumezwa na Mvita. Waliingia na majina yao, na mtawala aliyetaka mji utulie ilimpasa aelewane na matamimu. Mwandishi wa Kiswahili aliye na mfano huu nyumbani akakimbilia makabaila wa Ulaya, namshangaa kidogo.

Mwakilishi hapa anawaogopa wazee wa kwao, ambayo ni faida na hasara. Anajua wimbo wa mazishi, hilo halina shaka. Lakini wanawake, vijana, mafundi maskini wa Kikisiwa wanatawaliwa na wakubwa wao bila pa kukatia rufaa, kwa kuwa mfalme atasema "hayo ni mambo yenu". Waarmenia wa Istanbul walilishughulikia hilo wenyewe: mwaka 1863 walipata katiba ya jamii yao iliyompunguzia patriaki na matajiri madaraka na kuleta baraza la kuchaguliwa. Mapinduzi ndani ya jamii ndogo, sultani akitazama. Sijaona riwaya ya Kiswahili iliyoligusa.

Mkononi wana hazina na sheria zao, ila hawana kauli juu ya mambo makubwa: vita, barabara, madini. Norway, ambayo ni ufalme, ina bunge la Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, lililofunguliwa na Mfalme Olav V mwaka 1989. Hata hivyo mitambo ya upepo ya Fosen ilijengwa katika malisho yao ya kulungu wa kaskazini, na Mahakama ya Juu iliposema Oktoba 2021 kwamba leseni zilivunja haki zao, mitambo iliendelea kuzunguka. Kuwa na baraza lako hakukuweki chumba ambamo ramani zinachorwa.

Njia hii inataka watu wakae pamoja, angalau kimtaa. Tanzania ilipowapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbilia nchini mwaka 1972, waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, mpango wa awali ulikuwa kuwatawanya katika mikoa mbalimbali. Baadaye ulisitishwa na wengi wakabaki walipokuwa. Mfalme anayeogopa baraza la Wakisiwa hana haja ya kulipiga marufuku. Anawapa viwanja vizuri, mbali mbali.

Inafaa riwaya inayotaka kuonyesha utamaduni kwa undani, na mgogoro wa ndani ya jamii kuliko wa jamii na ikulu.

Njia ya nne: daftari moja, chama chao

Hakuna kiti maalumu. Wakisiwa ni wapiga kura kama wengine. Wakitaka sauti, wajipange. Mwakilishi anawaogopa wapiga kura, na punde si punde anawaogopa wakubwa wa muungano wa vyama.

Mfano mkubwa ni Ujerumani Magharibi. Baada ya 1945, mamilioni ya Wajerumani waliofukuzwa mashariki waliingia; kufikia 1950 walikuwa karibu milioni 8. Wakaunda chama chao, BHE, mwaka huo huo kikapata zaidi ya asilimia 23 ya kura katika jimbo la Schleswig-Holstein. Mwaka 1952 ikapita sheria ya kugawana hasara, iliyowatoza walionusurika na mali zao ili kuwafidia waliopoteza. Mwaka 1953 BHE ikapata viti 27 bungeni na mawaziri wawili katika serikali ya Kansela Adenauer. Mwaka 1955 mawaziri hao hao wakakihama chama, na baadaye wakaingia chama cha Adenauer. Mwaka 1957 BHE ikaanguka chini ya asilimia 5, ikatoka bungeni.

Usiisome hadithi hiyo kuwa ni ya kushindwa tu. Chama kilikufa kwa sehemu kwa sababu watu wake walipata nyumba na kazi. Swali la riwaya ni kwa wale waliobaki wakisubiri kurudi: chama kinachokufa kwa kufanikiwa kinamzika na nani yule bibi aliyetunza ufunguo wa mlango wa nyumba iliyo chini ya bahari?

Makazi na idadi huamua yote. Mmoja kati ya ishirini, wakitawanyika, katika mfumo wa majimbo ambamo mwenye kura nyingi huchukua kiti, Wakisiwa hawashindi popote. Wakikusanyika bonde moja wanapata jimbo lao. Chini ya uwiano wa kura wanaweza kuwa ndio wanaoamua nani aunde serikali. Huvunjika ghafla, kwa usiku mmoja wa matokeo. Inafaa ufalme wa kikatiba, wenye magazeti, mikutano ya hadhara na ahadi.

Kwa hali yako

Kama kitabu chako ni kifupi na kinaishi ndani ya kuta za kasri, chukua mjumbe wa kuteuliwa, lakini mpe jambo moja analomficha mfalme na jingine analowaficha wenzake. Bila hayo mawili atakuwa yule mzee wa sura ya tisa.

Kama mhusika wako mkuu ni kijana wa Kikisiwa anayegombana na wazee wake, baraza lao ndilo litakalokulisha. Viti vya kutengwa vitamhamishia ugomvi kwenye ukumbi usiomhusu. Akiwa ni binti anayedai mirathi, zaidi sana.

Kama unaandika mfululizo, usichague njia moja. Mjumbe wakati wa mfalme mzee, viti vya muda baada ya maasi, chama wakati wa mjukuu. Jordan yenyewe ilichanganya: Wacherkesi wana ukaribu wa kasri, na pamoja na Wachechen wametengewa viti 3 bungeni.

Kama Wakisiwa wako wametawanyika na ni wachache mno, mmoja kati ya mia tuseme, chama kitakuwa mzaha na baraza halitakusanyika. Hapo bakisha kiti cha kutengwa au mjumbe, kisha ujiulize kama utampa turufu. Mkono mtupu haulambwi: ukimnyima turufu, mpe siri.

Na kama kisiwa kinaweza kuibuka tena baharini kabla ya ukurasa wa mwisho, rudi kwenye kigezo cha tano kabla hujaandika lolote. Njia ya nne itawapata Wakisiwa wakiwa nusu wenyeji, wengi hawataki kwenda. Njia ya tatu itawapata na serikali tayari mkononi, wanaweza kupakia majahazi ndani ya mwezi. Na wale wajumbe wa viti vya ardhi iliyopotea watajikuta, kwa mara ya kwanza, na jimbo la kweli la kugombea.